Kuendeleza Maneno Korofi ya Kiingereza: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3

Mtoto wa Gredi ya 2 anayeandika "sed" badala ya "said", "woz" badala ya "was" na "frend" badala ya "friend" hajapungukiwa na akili wala bidii. Amelisikiliza neno, akalitenga sauti moja moja, kisha kila sauti akaipa herufi anayoifahamu, kama afanyavyo anapoandika "meza", "dirisha" au "tumbili", na katika Kiswahili njia hiyo haijawahi kumwangusha. Irabu zetu ni tano na hutamkwa vilevile popote zinapokaa. Kiingereza kina herufi 26 zinazobebeshwa sauti zipatazo 44, na katika matamshi ya Uingereza irabu peke yake ni kama 20, zote zikigombania herufi tano. Mtoto wa Nairobi hufundishwa kusoma lugha hizi mbili kwa pamoja, mara nyingi asubuhi hiyohiyo, na ni nadra kumpata mtu wa kumweleza kwamba ile kanuni iliyomfaa katika kipindi cha Kiswahili itamsaliti baada ya kengele kulia.

Desturi iliyozoeleka ni kumwimbisha mtoto herufi za neno zima, "es-ei-ai-di, said", mara nyingi iwezekanavyo, halafu kumpa mtihani wa maneno kumi au ishirini siku ya Ijumaa. Njia hiyo huleta alama nzuri Ijumaa, na kufikia Jumanne inayofuata sehemu kubwa imeshasahaulika. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Karibu kila neno korofi lina sehemu kubwa inayotii sauti na sehemu ndogo isiyotii, na kazi ya mzazi ni kumsaidia mtoto kuiona ile sehemu ndogo, kisha kuikariri hiyo tu.

Vifaa ni vichache: daftari la mistari, penseli, kalamu nyekundu, vizibo vya soda au punje za maharagwe, na kadi zilizokatwa kutoka kwenye boksi lolote gumu. Dakika kumi kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, zinatosha na zinashinda saa nzima ya Jumapili usiku wakati mtoto ameshachoka na mzazi anapiga pasi sare. Kama mzazi hufika nyumbani akiwa amechelewa kwa sababu ya msongamano wa magari, kazi hii inaweza kufanywa na kaka, dada au yaya. Anayehitajika ni mtu awezaye kusoma na mwenye subira, na si lazima awe hodari wa Kiingereza.

Hatua ya kwanza: kuyachuja maneno

Maneno mengi yanayoitwa korofi yana kanuni zake, na kuyachanganya na yale yasiyo na kanuni ni kumwongezea mtoto mzigo bure. "Night" linatisha kwa macho, lakini "light", "right", "fight" na "bright" yamefuata njia hiyohiyo, kwa hiyo mtoto afundishwe kundi lote kwa pamoja. Hali kadhalika "cake", "make" na "take". Hata "have", "give" na "live", ambayo herufi yake ya mwisho haitamkwi, yana sababu: Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa herufi "v", kwa hiyo "e" huwekwa nyuma yake. Mtoto akiambiwa hivyo mara moja, ataacha kuandika "hav".

Yakishachujwa, maneno korofi kwelikweli yanayomhusu mtoto wa umri huu si mengi, na bahati nzuri ni yaleyale anayokutana nayo kila siku: "said", "was", "are", "were", "one", "two", "who", "what", "come", "some", "does", "any", "many", "because", "friend", "people", "school", "water", "they", "there", "their", "could". Usichukue orodha hii yote ukaibandika ukutani. Fungua madaftari ya mtoto ya muhula huu, uangalie ni yapi anayoyakosea tena na tena, na uanze na hayo. Mtoto wa Gredi ya 1 anatosheka na maneno matatu kwa wiki, na wa Gredi ya 3 anaweza kubeba matano. Shule ikileta orodha ya maneno ishirini, mzazi ana haki ya kuchagua matano ya kuyashughulikia kwa undani na kuyaacha mengine yaende kwa bahati. Najua ushauri huu hautawafurahisha walimu wote, lakini maneno matano yanayodumu ni bora kuliko ishirini yanayoyeyuka.

Hatua ya pili: kukubaliana juu ya matamshi

Hatua hii huachwa na vitabu vingi vinavyouzwa hapa, kwa sababu vimetungwa kwa ajili ya mtoto wa Uingereza au Marekani, na video za kwenye simu zina kasoro hiyohiyo. Vitabu hivyo huchukulia kwamba mtoto husikia tofauti kati ya irabu ya "cat", ya "cut" na ya "bird". Mkenya wa kawaida, hata aliyesoma sana, hutamka irabu hizo tatu kwa namna inayokaribiana mno na "a" ya Kiswahili, na ushahidi tunao katika maneno tuliyoyakopa: "bus" limekuwa basi, "shirt" limekuwa shati. Kwa sikio la mtoto wa Umoja au Kawangware, "hat" na "hut" ni neno moja.

Matokeo yake ni kwamba sauti moja ya "a" huandikwa kwa njia nyingi kupita kiasi. Husikika katika "bus", katika "come", katika "country", katika "girl", katika "work", katika "nurse" na katika "heard", na kila moja ina herufi zake. Kitabu cha kigeni kitasema kwamba "girl" na "nurse" ni maneno ya kawaida yanayotii sauti. Kwa mtoto wetu ni korofi kama "said", na anapoandika "gal" au "nas" amefanya jambo la busara. Kwa hiyo orodha ya maneno korofi ya Nairobi ni ndefu kidogo kuliko ile iliyochapishwa kitabuni, na anayepaswa kuirefusha ni mzazi au mwalimu mwenyewe.

Je, tumrekebishe mtoto atamke kama wasomaji wa habari wa London? Sioni haja. Inatosha mzazi na mtoto wakubaliane jinsi neno linavyotamkwa nyumbani na darasani, kisha watafute herufi za matamshi hayo. Jambo moja tu linahitaji kurekebishwa kwa mdomo kabla ya penseli kushikwa: mtoto ambaye lugha ya nyumbani humfanya achanganye "l" na "r", au "s" na "sh", atayaandika makosa hayo kwa uaminifu mkubwa. Mwache aseme neno polepole mbele ya kioo, aone ulimi wake unagusa wapi, na afanye hivyo bila kuchekwa.

Hatua ya tatu: kulitenga neno na kutafuta panapopotoka

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo pasiharakishwe. Chukua neno "said". Usimwonyeshe mtoto jinsi linavyoandikwa. Litamke, ulitumie katika sentensi, kisha umwulize anasikia sauti ngapi. Kwa kila sauti asogeze kizibo kimoja: s, e, d. Vizibo vitatu. Chini ya vizibo hivyo chora mistari mitatu mifupi kwenye daftari, na umwambie aandike herufi anazoziamini. Ataandika s kwenye mstari wa kwanza na d kwenye wa tatu, na yote mawili ni sahihi. Mpongeze kwa hayo mawili kwanza, waziwazi.

Mstari wa katikati ataandika "e". Sasa mwambie ukweli: "Masikio yako yamesikia vizuri, mwanangu. Ingekuwa Kiswahili, ungekuwa umemaliza. Lakini Kiingereza hapa kimeweka herufi mbili, a na i." Andika "ai" kwenye mstari wa katikati kwa kalamu nyekundu, mtoto aizungushie duara yeye mwenyewe, kisha aseme kwa maneno yake ni sehemu gani ya neno inayopotoka. Mtoto anayeweza kusema "s na d ziko sawa, pale katikati ndipo kuna a na i" ameshamaliza nusu ya safari, kwa kuwa badala ya herufi nne ana jambo moja tu la kukariri.

"Friend" lina sauti tano, na nne kati yake zinatii. Kinachopotoka ni "i" iliyojipenyeza mbele ya "e". "School" lina sauti nne: s inatii, "oo" ni njia ya kawaida ya kuandika u, na l inatii, la ajabu ni "ch" inayotamkwa k. Katika "was", w inatii, na kinachopotoka ni "a" inayotamkwa o pamoja na "s" inayotamkwa z. Mtoto ataanza kuona kwamba ukorofi una mahali pake.

Kuna maneno machache ambayo karibu hayaachi kitu kinachotii sauti: "one" ni mfano mbaya kuliko yote, kwa sababu sauti ya kwanza unayoisikia, w, haionekani popote. "Eye" nalo linafuatia. Maneno ya aina hii ni haba, na hayo pekee ndiyo yanayostahili kukaririwa mazima. Yasiwe zaidi ya moja katika wiki.

Hatua ya nne: sauti ya mdomo na sauti ya kuandikia

Kiswahili, ambacho mwanzoni kilionekana kuwa chanzo cha makosa, sasa kinageuka kuwa msaada. Mtoto anaweza kulisoma neno la Kiingereza kana kwamba ni la Kiswahili, herufi kwa herufi, na akaihifadhi sauti hiyo ya kuchekesha kwa ajili ya kuandika tu. "Wednesday" husomwa "wed-nes-day", na ile "d" isiyosikika huonekana mara moja. "Friend" huwa "fri-end". "People" huwa "pe-o-ple", "island" huwa "is-land", "does" huwa "do-es", na "because" huwa "be-ca-u-se". "Said" lina bahati ya pekee, kwani ni jina la watu wengi mjini, na mtoto aliye na rafiki au jirani aitwaye Said hatalikosea tena neno hilo akiambiwa mara moja. Watoto hufurahia mchezo huu kwa sababu una utundu ndani yake.

Lipo sharti moja. Kila mara mtoto anapotumia sauti ya kuandikia, amalizie kwa kulitamka neno inavyopasa na kulitia katika sentensi, la sivyo utamsikia siku moja akisoma "pe-o-ple" mbele ya darasa.

Kuhusu zile sentensi ndefu ambazo herufi ya kwanza ya kila neno hujenga neno moja, kama ile ya tembo inayofundishwa kwa ajili ya "because", maoni yangu ni kwamba moja inatosha kwa utoto mzima. Mtoto mwenye sentensi sita za namna hiyo huhitaji kwanza kukumbuka sentensi ipi ni ya neno lipi, na hapo msaada umeshakuwa mzigo.

Hatua ya tano: kuyakutanisha maneno ya ukoo mmoja

Watu wazima wengi wanaamini kwamba tahajia ya Kiingereza ni vurugu tupu. Si hivyo. Mara nyingi herufi isiyotamkwa huonyesha neno limetoka wapi au lina uhusiano na lipi, na mtoto wa miaka saba anaweza kabisa kuelewa hilo akipewa mifano.

"Two" ni mfano wa kupendeza. Ile "w" haitamkwi, lakini liweke neno hilo karibu na "twelve", "twenty", "twins" na "twice", na mtoto ataisikia "w" katika yote manne, na ataona kwamba yote yanahusu vitu viwili. Kuanzia hapo ana sababu ya kuiandika. "Said" likiwekwa karibu na "paid" na "laid" huacha kuwa la ajabu: "pay" hutoa "paid", "lay" hutoa "laid", "say" hutoa "said". Lililopotoka ni tamshi, na maandishi yamekaa sawa na ya wenzake. "Do" na "does" huenda pamoja na "go" na "goes". "Here" imejificha ndani ya "there" na "where", na maneno yote matatu yanahusu mahali. "Would", "should" na "could" hufundishwa pamoja, na mtoto mdadisi akiuliza "l" inafanya nini humo, mzazi anaweza kumjibu kwamba katika "would" na "should" ilikuwa ikitamkwa zamani, ila katika "could" haikuwahi kuwa na kazi. Iliongezwa ili neno hilo lifanane na wenzake.

Historia fupi ya namna hii haimpotezei mtoto wakati. William Caxton alipoleta mashine ya uchapaji mjini Westminster mwaka 1476, "k" ya "knee" na "knife" ilikuwa bado ikitamkwa, kama inavyotamkwa hadi leo katika "Knie" ya Kijerumani, na "gh" ya "eight" na "night" ilikuwa sauti inayokaribiana na "kh" ya wale wanaotamka "kheri" kwa lafudhi ya Kiarabu. Tahajia ikaendelea kuganda kwenye karatasi kwa karne kadhaa huku midomo ikibadilika. Kisha wakaja wasomi waliotaka Kiingereza kifanane na Kilatini, wakatia "b" katika "debt". Na "island" nalo likapata "s" ambayo haikuwa yake, kwa kufananishwa na "isle". Mtoto akijua kwamba herufi fulani ni mabaki ya zamani, huacha kuona kwamba anakomolewa.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni kutoyakutanisha maneno yanayofanana kwa sura au kwa sauti lakini si ndugu. "There" na "their" yakifundishwa siku moja, "were" na "where" siku moja, au "was" na "saw" siku moja, mtoto atayachanganya kwa miezi, kwani atakumbuka kwamba kulikuwa na mawili bila kukumbuka lipi ni lipi. Vitabu vya mazoezi hupenda sana kuyaweka ubavuni kwa ubavu. Lifundishe moja mpaka liwe imara kabisa, upitishe wiki mbili au tatu, ndipo ulete la pili.

Hatua ya sita: kuandika kwa kumbukumbu

Utaratibu ni angalia, sema, funika, andika, kagua. Mtoto aliangalie neno na lile duara jekundu, alitamke kwa sauti ya mdomo kisha kwa sauti ya kuandikia, alifunike kwa kiganja, aliandike lote bila kuchungulia, halafu afunue na alinganishe herufi kwa herufi yeye mwenyewe. Akichungulia katikati ya neno, aanze upya, kwa sababu kinachotafutwa ni neno kutoka kichwani likiwa zima. Mara tatu kwa neno moja zinatosha kwa jioni moja.

Adhabu ya kuandika neno mara hamsini haifundishi chochote, na yeyote aliyewahi kumtazama mtoto akiifanya anajua sababu: huandika safu nzima ya "s", kisha safu ya "a", kisha safu ya "i", huku akili ikiwa uwanjani na wenzake. Raba nayo iwekwe kando. Kosa lifutwe kwa mstari mmoja tu, ili mzazi aweze kuona baadaye mtoto alikuwa anafikiria nini.

Hatua ya saba: imla ya sentensi

Neno linaloandikwa sawasawa likiwa peke yake hupotea mara tu mtoto anapolazimika kufikiria sentensi nzima, na hii ndiyo sababu ya mtoto kupata kumi kwa kumi katika mtihani wa maneno na bado kuandika "sed" katika insha. Siku ya tatu au ya nne ya wiki, msomee sentensi mbili fupi. Zitunge mwenyewe kutokana na maisha anayoyaona: "My friend said the matatu was full." "Two people were waiting for water." Soma sentensi nzima mara moja, mtoto airudie kwa mdomo, kisha soma tena polepole akiandika. Maneno korofi yaliyomo yawe ni yale aliyokwisha kufundishwa. Imla haikusudiwi kumtega.

Baada ya kuandika, mtoto ahesabu maneno aliyoyapata kabla ya kuhesabu aliyoyakosa. Katika insha za kawaida, usisahihishe kila kitu. Chagua makosa matatu, yote ya maneno mliyoyashughulikia, na mengine uyaache. Daftari linalorudi likiwa jekundu kutoka juu hadi chini humfundisha mtoto kuandika maneno rahisi tu, na matokeo yake ni sentensi zisizo na ladha.

Hatua ya nane: kurudia kwa kuachanisha siku

Kila neno liandikwe kwenye kadi yake, sehemu korofi ikiwa nyekundu. Tafuta bahasha tatu, uziandike "kila siku", "kila wiki" na "kila mwezi". Neno jipya huingia bahasha ya kwanza. Mtoto akiliandika sawasawa siku tatu mfululizo, kadi huhamia ya pili. Akiliandika sawasawa wiki tatu mfululizo, huhamia ya tatu. Akikosea popote, kadi hurudi mwanzo, bila lawama. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zisiwe mapumziko ya bahasha ya tatu, kwani hapo ndipo mambo mengi ya muhula huvuja.

Nje ya nyumba, Nairobi yenyewe ni ubao. Mtoto aliye kwenye basi anaweza kutafuta herufi zisizotamkwa katika vibao vya barabarani: "gh" katika "Highway", au "Eastleigh" yenye herufi tano za mwisho zinazotoa sauti ya "li" tu. Lakini awe mwangalifu na maandishi ya matatu na ya vibanda, ambayo mara nyingine huendelezwa kwa mzaha au kwa kukosea, na ujumbe wa simu wa kaka zake wenye "coz" na "dat" usiwe kielelezo. Simu nyingi pia hurekebisha maneno kwa mtindo wa Marekani, ambao kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 iliuimarisha. Shule zetu hufuata "colour", "centre" na "favourite" za Uingereza, na mtoto asipoelezwa hilo mapema atadhani mwalimu na simu, mmoja wao anadanganya.

Kuyasoma makosa, na wakati wa kutafuta msaada

Makosa hayalingani. "Sed" ni kosa la mtoto anayesikia vizuri na ambaye bado hajakariri sehemu korofi; mrudishe hatua ya tatu. "Siad" ni la mtoto anayezikumbuka herufi lakini si mpangilio wake. Sauti ya kuandikia itamfaa. Mtoto anayeandika "sd", "fed" kwa "friend", au anayeacha silabi nzima anahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani tatizo lake liko katika kuzitenga sauti zenyewe.

Kipimo rahisi kiko karibu. Mpe imla ya Kiswahili ya maneno aliyoyazoea, kama "kabati", "mwalimu", "ng'ombe" na "darasa". Akiandika hayo bila shida, basi shida yake ni ukorofi wa Kiingereza tu, na subira pamoja na bahasha tatu zitaitatua. Akiacha irabu, akigeuza silabi au akishindwa kusema neno lina sauti gani za mwanzo na za mwisho hata katika lugha anayoiongea siku nzima, na hali hiyo ikaendelea muhula baada ya muhula ilhali anafundishwa vizuri, kwanza apimwe masikio na macho. Wakati mwingine kisa kizima ni masikio yaliyoziba au ubao usioonekana kutoka dawati la nyuma.

Masikio na macho yakiwa salama, tatizo linaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, ambayo haihusiani na uvivu wala malezi mabaya, na ambayo hupimwa na wataalamu, si na majirani. Zungumza na mwalimu wa darasa, kisha uombe maelekezo ya kufika katika kituo cha serikali cha tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, au katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, ambako tathmini za aina hii hufanywa. Beba madaftari ya mtoto ya Kiswahili na ya Kiingereza pia, yenye tarehe, yale yasiyopitiwa na raba, kwani kutokana na makosa yaliyobaki humo mtaalamu ataweza kuona jinsi mtoto anavyofikiri anapoandika.